Mfungo wa Khamsing

Kati ya maneno yote aliyoambiwa na nesi, Khamsing alisikia moja tu. Neno lenyewe lilikuwa "hakuna."

Na yule nesi alisema mengi, maskini. Alimketisha kwenye kiti cha plastiki katika zahanati ya kando ya barabara huko Suphanburi, akamtoboa kidole, wakasubiri dakika ishirini, kisha akaeleza. Alisema kipimo hiki hakimtafuti mdudu mwenyewe, kinatafuta askari ambao mwili huwaunda ili kupambana naye, na askari hao hawaundwi kwa siku mbili tatu. Alisema ungekuja ndani ya siku tatu tungekupa vidonge vya kuzuia, lakini umekuja siku ya sita. Rudi siku arobaini na tano zikitimia upimwe damu ya mshipa, urudi tena miezi mitatu ikitimia, na mpaka hapo tumia mpira hata na mkeo. Akamgongea na tarehe kwa muhuri. Khamsing alikuwa akiitikia kwa kichwa, ndiyo dada, ndiyo dada, huku macho yameganda kwenye lile neno moja katikati ya karatasi. Akatoka pale mwepesi kama mtu aliyetua gunia la mpunga.

Alikuwa mtu wa miaka arobaini na moja, dereva wa mashine ya kuvunia mpunga. Kila mwaka yeye na wenzake watatu wa kijiji cha Nong Kham, kule kaskazini mashariki, hupakia mashine juu ya lori na kushuka mikoa ya kati, ambako mpunga huvunwa hata mara mbili kwa mwaka. Huvuna shamba hadi shamba kwa wiki nane, tisa, wakilala chini ya lori lao. Safari hii, jioni ya mwisho ya kazi, mwenye mashamba aliwanunulia bia. Bia zikawapeleka kwenye nyumba ya karaoke yenye taa za rangi ya waridi, na humo Khamsing akafanya alichokifanya na msichana mmoja aliyejiita Ploi, bila kinga yoyote, kwa sababu alikuwa amelewa na kwa sababu alikuwa mjinga. Simtetei. Kulipokucha hakuikumbuka hata sura ya yule binti, ila mengine yote aliyakumbuka vizuri sana.

Siku tano alishinda roho juu. Siku ya sita akapimwa. Siku ya nane akateremka kwake Nong Kham, karatasi iko mfuko wa nyuma wa jinzi, moyo mweupe pe.

Mkewe Phikun alikuwa amempikia supu ya machipukizi ya mianzi. Binti yao Dao alikuwa chuoni Khon Kaen, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wao wawili. Phikun hakuwa mtu wa maneno matamu. Akimkumbuka mtu, alimpokea kwa kumsema.

"Baba Dao, mbona umebaki mifupa? Huko kwenye mpunga mwingi ndiko wanakokunyima chakula?"

"Walinipa. Ila hakikuwa chako, Mama Dao."

"Tokaa! Muongo mkubwa. Nenda kaoge, unanuka dizeli mpaka masikioni."

Akaoga. Wakala, wakacheka. Wakalala pamoja kama mume na mke ambao hawajaonana wiki tisa, na Khamsing hakuvaa kitu. Kwa nini avae? Karatasi ilisema hakuna.

Kesho yake, kulipoanza kupambazuka, kipaza sauti cha kijiji kikakohoa juu ya nguzo yake. Kwa kawaida mwenyekiti wa kijiji ndiye huanza, anatangaza habari za maji na mbolea. Siku hiyo alikuwa Shangazi Thongbai, mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke aliyeuza supu ya tambi miaka ishirini na aliyekuwa na sauti ya kufukuzia nyati. Alikuwa ametoka kwenye semina wilayani, na elimu ilikuwa inamwasha.

"Halo, halo! Watu wa Nong Kham, amkeni. Leo naongea na wanaume mliorudi kutoka mavunoni. Na nyinyi wa Bangkok msijifiche, nawajua kwa majina. Mnakwenda huko mnafanya mambo yenu, keshokutwa mnapimwa, mnaambiwa hakuna, mnarudi kwa wake zenu meno nje. Hakuna nini? Umemwaga mbegu jana, leo unakwenda shambani kutafuta masuke! Ngojeni siku arobaini na tano mkapimwe hospitali. Miezi mitatu ikitimia mkarudie, mfunge kitabu. Na hapo katikati, ama mpira, ama kila mtu mkeka wake! Kupimwa ni bure, kuuliza ni bure, na mimi Thongbai sina mdomo."

Jirani mmoja aliangua kicheko uani kwake, maana kama kuna mwenye mdomo Nong Kham ni Thongbai.

Khamsing hakucheka. Alikuwa amelala chali ndani ya chandarua. Maneno yote ya nesi yalimrudia, moja baada ya jingine, tena kwa sauti ile ile ya upole. Phikun alikuwa ubavuni mwake, amempa mgongo, ametulia tuli. Khamsing aliitazama shingo yake. Mpaka jana mwanamke huyu alikuwa salama, alijiambia, na mimi ndiye niliyemfuata kitandani.

Angemwambia saa ile ile. Jambo lenyewe lilikuwa la maneno kumi, na mlango ulikuwa umefungwa, na hapakuwa na mtu wa tatu. Alifungua kinywa kabisa. Kisha akakifunga, akaamka, akanywa chai, akakaa barazani akiangalia kuku.

Siku ya pili yake ndiyo ulikuwa unaanza Mfungo wa Mvua. Miezi mitatu hiyo watawa hawalali nje ya hekalu lao, na watu wa kawaida nao huweka nadhiri, huyu anaacha pombe, yule anaacha sigara. Bibi wazee huvaa nyeupe, na kila siku kuu ya mwezi hulala hekaluni wakishika amri nane: hakuna kula baada ya saa sita mchana, hakuna muziki, hakuna godoro, hakuna kugusana na mume wala mke. Mjanja wetu alipofikiri hilo la mwisho, aliona mlango wa kutokea. Miezi mitatu ya mfungo, miezi mitatu ya nesi. Mtu angeweza kufikiri ilipimwa kwa kamba moja.

Alimkuta Phikun akielekea kisimani na beseni la nguo chafu kiunoni.

"Mama Dao, nimeamua. Mfungo huu nitavaa nyeupe. Nitakaa hekaluni, amri nane, mpaka mwisho. Nataka kuwapelekea thawabu wazazi wangu."

Phikun alilitua beseni chini. "Wewe?"

"Mimi."

"Wewe ambaye hujawahi kuacha bia wiki moja. Miezi mitatu?"

"Siku tisini tu."

"Na miche nitapandikiza na nani?"

Lo! Mpunga wake mwenyewe alikuwa ameusahau. Akababaika, akataja majirani, akataja zamu za kusaidiana. Phikun alimtazama muda mrefu, kisha akainama akalichukua beseni lake.

"Haya," alisema. "Thawabu ni thawabu."

Mkuu wa hekalu, mzee mwembamba asiyependa hotuba, alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama anakoroma, akamwonyesha kibanda nyuma ya jiko na mahali pa ufagio. Ikawa hivyo. Ni baada ya siku tatu ndipo Khamsing alipoikumbuka ile karatasi. Ilikuwa kwenye jinzi, na jinzi ilikuwa kwenye beseni. Akajituliza kwamba maji na sabuni vitakuwa vimeimaliza.

Sasa mtu asikudanganye kwamba hekaluni kuna utulivu. Kuna utulivu kwa mwenye moyo uliotulia. Khamsing alifagia majani asubuhi, akala mlo wake mmoja baada ya watawa, akafagia tena, na kuanzia saa sita mchana alikuwa na njaa na mawazo tu. Mvua ilinyesha juu ya bati la kibanda. Vyura walipiga kelele mpaka alitamani kuwatukana. Alijitazama ulimi kwenye kioo cha pikipiki ya fundi aliyekuja kukarabati paa. Alijipapasa shingo kutafuta uvimbe, akapapasa sana mpaka shingo yenyewe ikavimba. Wiki ya tatu alishikwa na homa kwa kunyeshewa, akalala siku mbili akiamini kwamba basi, ndiyo hiyo imekuja. Homa ikaondoka zake, woga ukabaki.

Na hakuwa na wa kumwambia. Aliyekuwa akimweleza kila kitu maishani alikuwa mtu mmoja, na ndiye huyo aliyemkimbia.

Kutoka nyuma ya hekalu aliliona shamba lake. Alimwona Phikun ameinama kwenye maji na kofia yake ya majani, na majirani wawili pembeni yake, safu kwa safu. Wiki iliyofuata majirani walikwenda kwenye mashamba yao, akamwona ameinama peke yake. Khamsing alisimama na ufagio mkononi, nguo nyeupe kama maua ya yasmini, akimwangalia mkewe akifanya kazi ya watu wawili. Aliona aibu ambayo hajapata kuiona, na bado hakushuka.

Kijiji kilimsifu. Wenzake wa mavuno walimpigia kelele kutoka barabarani, "Khamsing! Umekufa hai, ndugu yetu! Bia yako tunakunywea!" Shangazi Thongbai naye alikuja kuleta maua, akamwambia mbele za watu, "Kati ya wanaume wote wa hapa, wewe peke yako sina haja ya kukuhubiria." Khamsing aliinamisha kichwa. Watu wakadhani ni unyenyekevu.

Phikun alikuja kila asubuhi na kikapu cha wali wa kunata kwa ajili ya watawa. Alipiga magoti, akaweka, akainuka. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji ya shamba. Yeye na mumewe waliongea maneno ya kuhesabika.

"Umeamkaje?"

"Salama. Mpunga?"

"Unashika."

Basi. Khamsing alijisemea kwamba mke wake anaheshimu amri nane, ndiyo maana hamtazami usoni.

Kwenye kalenda ya duka la mbolea, iliyotundikwa jikoni, alikuwa amezungusha siku ya arobaini na tano tangu ile nyumba ya karaoke. Siku ikafika. Hakwenda. Alisema kesho. Kesho yake akasema kuna mvua. Siku nane zilipita hivyo, kila siku na sababu yake. Ukweli ni kwamba kutojua kulikuwa kunamtesa, lakini alishalizoea teso hilo, na lile jingine hakulijua lina sura gani.

Siku ya tisa yake, kikapu cha Phikun kililetwa na jirani.

"Mwenyewe yuko wapi?" Khamsing aliuliza.

"Ametoka alfajiri na pikipiki. Kasema anakwenda hospitali ya wilaya. Nilimuuliza ana nini, hakujibu. Mkeo siku hizi haongei na mtu, hujui?"

Hakujua. Alimwona Phikun akiugua, akamwona amelazwa, akaona kila kitu alichokuwa akikitafuta kwenye ulimi wake kimehamia kwa mwenzake. Alimwomba mkuu wa hekalu ruhusa. Mzee akatazama uso wake, akamwambia aende na asisahau mwavuli.

Hospitalini aliuliza wodi, akaambiwa hakuna mgonjwa wa jina hilo. Aliuliza dirisha la dawa, vilevile. Mwisho akafika kwenye ukumbi wa nyuma, penye mlango namba tisa. Hakuna kibao kinachosema ni chumba cha nini na hakuna asiyejua. Watu hukaa kwenye benchi lile wakiachiana nafasi, kila mmoja anaangalia simu yake. Phikun alikuwa mwisho wa benchi, na kibati cha namba mkononi.

"Mama Dao."

Hakushtuka. "Kaa chini. Ukisimama hapo na hizo nguo watu wataanza kukusujudia."

Akakaa. "Unaumwa?"

"Siumwi. Leo zimetimia arobaini na tano."

"Arobaini na tano za nini?"

"Tangu usiku uliorudi." Alifungua pochi yake, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa imefifia, imekwaruzika, na imenyooshwa kwa pasi. Neno la katikati lilikuwa limefutika kabisa. Tarehe zilikuwa bado zinasomeka. "Wino wa muhuri ni mzuri," alisema. "Siku uliyopimwa, hii. Siku ya kurudi kupimwa, hii. Wiki nzima iliyopita nilikungoja uombe ruhusa ushuke huku. Hukushuka."

Khamsing alikosa pa kuweka mikono. "Ulijua tangu siku ya beseni?"

"Nilijua tangu asubuhi ile Thongbai alipoongea. Nilikuwa macho, Baba Dao. Nilikusikia ulivyoacha kupumua." Aliongea polepole, bila kumtazama. "Nikasema, ataniambia. Akishaamka ataniambia. Ukaamka. Nikasema, akishakunywa chai. Ukanywa. Siku nzima nilikuwa nakusubiri kama mtu anayesubiri mgeni. Kisha ukaja ukaniambia unakwenda kutafuta thawabu."

"Nilitaka nikulinde."

"Ulishachelewa. Ulikuwa unaulinda uso wako." Akaikunja karatasi. "Wiki ile ile nilikuja hapa. Wakanitoboa kidole, wakaniambia hakuna. Nikacheka. Nesi akadhani nimefurahi. Nimepandikiza shamba lote nikihesabu, na kila jioni mtu ananipitia kuniambia nimebahatika kupata mume."

Khamsing alilia, pale pale mbele za watu, na nguo zake nyeupe. Watu wa benchi lile hawakumshangaa. Wameona mengi.

Namba ya Phikun iliitwa, akaingia. Khamsing naye akajiandikisha, akatolewa damu ya mshipa, wakaambiwa wangoje saa mbili. Phikun alinunua saladi ya papai bichi na wali wa kunata, akaanza kula. Alimsogezea kikapu, kisha akakumbuka kuwa saa sita imepita, akakirudisha kwake. Khamsing alitamani sana angekisahau kile kikapu pale katikati yao.

Walipoitwa, kila mtu aliingia peke yake. Safari hii Khamsing alisikiliza. Nesi alimwambia hakuna kilichoonekana. Akamwambia kwa siku hamsini na tatu, na kwa kipimo hiki cha damu ya mshipa, jibu linaaminika sana, lakini arudi miezi mitatu ikitimia ili wafunge kitabu. Nesi alipouliza kama ameelewa, Khamsing alimrudishia maneno yote, tangu la kwanza mpaka la mwisho, mpaka nesi akatabasamu.

Phikun alikuwa akimngoja nje kwenye ngazi. "Hakuna," alisema, akiangalia maegesho ya magari.

"Hata mimi. Hakuna."

Phikun akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Akajifuta uso kwa ncha ya kitambaa chake. Kisha akatangulia kwenye pikipiki yao yenye kitoroli cha pembeni, Khamsing akapanda kitorolini juu ya mfuko wa mbolea uliokuwa mtupu, na wakashika njia ya Nong Kham.

Njia nzima Khamsing alikuwa akipanga. Leo leo ataaga hekaluni. Kesho ataingia shambani. Atapika yeye. Atamweleza kila kitu, hata taa za waridi, hata jina la yule msichana. Miche ilikuwa imeshika kweli, kijani kotekote, na upepo ulimpiga usoni, na kwa mara ya kwanza tangu mavuno alijisikia mtu. Paa la nyumba yake lilionekana nyuma ya migomba.

Pikipiki ikapunguza mwendo, ikasimama. Walikuwa mbele ya lango la hekalu.

"Shuka," alisema Phikun.

"Mama Dao. Wamesema hakuna."

"Wamekupima damu."

"Basi twende nyumbani. Yale ya mfungo tunajua wote wawili yalikuwa uongo."

"Yalikuwa yako uongo. Mimi niliyatangaza kijiji kizima, nikayabeba kichwani kila asubuhi na kikapu." Aligeuka, akamtazama usoni, mara ya kwanza tangu siku ya beseni. Macho yake yalikuwa mekundu na hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Khamsing. "Unataka kuniuliza kama nimekusamehe. Nakuona, liko mdomoni. Usiniulize leo. Nikikujibu leo, jibu lolote nitakalokupa, ndiyo au hapana, usiliamini. Ni mapema mno."

"Mpaka lini?"

"Umebakisha siku arobaini na saba. Zimalize. Halafu uje uniulize."

Khamsing alishuka. Aliushika mwavuli wake kwa mikono miwili kama mtoto aliyetumwa dukani. Phikun alitia gia, akaondoka, na kile kitoroli kitupu kilikuwa kinarukaruka kwenye mashimo ya njia. Khamsing aliusikiliza muungurumo ukipita kwa Thongbai, ukipita kisimani, ukazimika uani kwao. Akasikia lango la mbao likifungwa.

Alikwenda nyuma ya jiko akachukua ufagio. Majani ya tangu asubuhi yalikuwa yamejaa uwanja mzima. Alianza langoni, mahali anapopigia magoti mkewe na kikapu.